Mpishi Asiyeonja

"Nani kakuambia tufaha huchemshwa kama muhogo?" mpishi wa Mjerumani mwenye shamba la mkonge hapa Korogwe alinifokea, kwa maji niliyoyajaza sufuriani. Mimi mfua nguo tu. Nilitaka kumsaidia, maana alikuwa amefunga Ramadhani, haonji. Mtoto wa bibi mwenye nyumba, mke Mfaransa wa huyo Mjerumani, alikuwa na siku tatu hajala, na alichotaka ni matufaha ya kuponda kama ya nyanya yake kule Ufaransa. Mpishi akapunguza maji kwa kikombe, akatia mdalasini, akainamisha sikio juu ya sufuria kama anayesengenya na jirani. Kila Ramadhani hupika hivyo, kwa sikio na pua, na mwiko wake hauna haraka. Siku hiyo hakujiamini. Akaninyooshea mwiko bila kunitazama.

"Lea, wewe Mkristo. Onja."

"Si umesema sijui kupika?"

"Onja basi, mama!"

Nikaonja. "Tamu mno. Kamulia limau."

Akakamua, bibi akampelekea mtoto. Punde bibi akarudi na bakuli tupu: mtoto anataka tena. Mpishi akapakua, kisha akaniambia, "Jioni njoo kwangu tufuturu, na wanao." Hiyo ndiyo radhi aliyoweza kuniomba. Nikaipokea.