Bima ya Levi

Phelista ni wakala wa bima mjini Kitale, na kila siku ya soko alikuwa anaenda Kachibora kutukanwa. Sitanii. Akitaja tu bima ya mazishi, wauza viazi walimuuliza kama ametumwa na mochari.

Hakuchoka. Dadake Judy, nesi kule Afrika Kusini, alikuwa amemweleza kwamba huko hata mfagiaji wa barabara hulipia mazishi yake mapema, bila aibu. Huku kwetu tunangoja mtu afe, ndipo tunafungua kikundi cha WhatsApp na kuanza kuombana. Gari tunalikatia bima kwa kuogopa polisi. Mwenye gari tunamwachia Mungu.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mumewe, Levi. "Andika bana, kwani si kila mtu atakufa?" alimwambia, akaweka sahihi akicheka. Lakini mamake Levi, Mama Nakhungu wa Ndalu, hawakumwambia. Kwake yeye, kumtayarishia mtu mazishi akiwa mzima ni kukiita kifo kije. Na Phelista aliogopa kumpoteza. Alikuwa yatima, na mama huyu, aliyemwita Mayi kama mamake mzazi, ndiye mama pekee aliyewahi kumjua.

Mwaka jana lori la miwa lilimgonga Levi karibu na Bungoma, akafa. Phelista alilia mpaka sauti ikamwisha.

Kampuni ililipa upesi, sawa na zile za kule kwa Judy. Ng'ombe akachinjwa, mchele ukapikwa, na hakuna aliyeombwa mchango. Hilo ndilo lililowashangaza watu wa Ndalu. Mama Nakhungu, sahani ya nyama mkononi, akauliza pesa zimetoka wapi. Phelista hakujua kumdanganya.

"Mayi, ni bima. Levi alikuwa analipia tangu mwaka juzi."

"Akiwa mzima?"

"Ndiyo, Mayi."

"Na ni wewe ulimwandikia?"

"Ni mimi. Lakini Mayi, nchi za wengine watu wote wanafanya hivyo. Ni mapenzi tu."

"Mimi sijui nchi za wengine." Mama aliiweka sahani chini polepole. "Hii nyama ni mtoto wangu. Ati umenilisha mtoto wangu, Phelista."

Akatema kilichokuwa mdomoni, akaomba maji ya kunawa. Phelista alipomletea, akasema aletewe na mtu mwingine.