Injini ya Boti Inayokula Maji

Sipendi mtu aniambie injini inakula maji. Injini haina tumbo. Maji yakipungua yamekwenda mahali, na kazi ya fundi ni kupajua hapo mahali. Nimewapigia kelele mafundi wenzangu wa Nachingwea mpaka wamenichoka. Lakini shemeji yangu aliponipigia simu kutoka Matambarale, akasema, "Shemeji, injini ya kaka yako inakula maji, na Ijumaa naiuza chuma chakavu," sikumsahihisha. Nikamwambia nakuja.

Injini yenyewe ni ya boti. Marehemu kaka yangu aliinunua Lindi, boti ikiwa imeshaoza mbao zote, akaileta kwa lori ili iendeshe mashine ya kusaga. Watu walimcheka sana. Boti Matambarale! Itaelea kwenye mikorosho? Hata mimi nilicheka, na mimi ujana wangu wote niliumalizia kwenye injini za boti. Kaka aliifunga juu ya zege, akavalisha mkanda, ikasaga mahindi, mtama na makopa ya muhogo ya watu, waliomcheka nao wakapanga foleni. Alipofariki, mjane wake akaendelea nayo.

Injini ya boti ina maji ya namna mbili. Ya ndani yanazunguka kwenye injini na yana tangi lake dogo lenye mfuniko. Ya nje ni ya bahari: pampu inayavuta, yanapita kwenye vibomba vyembamba ndani ya kipoza, yanayapoza yale ya ndani, kisha yanarudi zake baharini. Yanapita jirani lakini hayatakiwi kuchanganyika. Sasa Matambarale bahari utaitoa wapi? Kaka aliweka pipa. Pampu ikavuta pipani na kurudisha pipani.

Kulijaza pipa wakati wa kiangazi ni shughuli, maana kisima kiko mbali. Kaka akaweka utaratibu kwamba anayekuja kusaga aje na kidumu cha maji. Alipokufa, shemeji hakuwa na uso wa kumdai mtu maji. Arobaini ilipopita akafungua mashine, na wanawake wakaja na nafaka kichwani, kidumu mkononi, bila kuambiwa na mtu. Walimimina wakakaa foleni. Hawajaacha hadi leo. Pipa hufurika mpaka linamwagika, na shemeji akiliona husema, "Watu hawajamsahau."

Nilifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Shemeji akanitazama toka juu hadi chini.

"Umekuja kutengeneza au umekuja kula kuku?"

"Kuku kwanza. Njaa haina fundi."

"Haya, mimi ulikataa kunirithi. Tuone kama injini utaiweza."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Utani wetu ndivyo ulivyo, hata msibani hauachi kutuponyoka. Lakini nilipompa mkono niliona kovu jipya, limeanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa amefungua mfuniko wa tangi injini ikichemka, mvuke ukamrukia.

"Nimechoka, shemeji," akasema, na safari hii hakutania. "Kila nikigeuka inachemsha. Fundi wa hapa amefungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, amebadilisha gasketi, amefunga, ni yale yale. Anasema hedi ina ufa na nyingine haipatikani. Mnunuzi anakuja Ijumaa baada ya swala. Nikimkosa huyo, itakaa hapa inioneshe meno."

Nikavua shati nikaanza. Mipira yote ya maji mikavu, haivuji. Pampu kavu. Nikachomoa kijiti cha oili: oili nyeusi, safi, haikufanana na chai ya maziwa kama inavyokuwa maji yakiingia humo. Nikawasha, nikatazama moshi, haukuwa mweupe. Nikaacha mfuniko wazi injini ikipata moto, nikiangalia kama mapovu yatapanda, maana hedi yenye ufa hupuliza mapovu kwenye tangi. Hakuna povu. Hedi ilikuwa nzima! Na bado, tulipofunga mfuniko na injini ikasaga magunia, maji ya tangini yakashuka.

Hasira zikanipanda. Niliitukana injini ile matusi ya bandarini, kina mama wakaziba masikio huku wakicheka. Nikaenda kunawa mikono pipani.

Nikiwa nimeinama pale, shemeji alikuja na kopo, akachota maji pipani, akaenda kusubiri tangi lipoe ili aliongezee. Nyuma yake mama mmoja akamimina kidumu chake. Pipa likamwagika kidogo miguuni pangu.

"La haula!" nikasema.

Maji ya ndani yakivujia kwenye ya nje, baharini ugonjwa huo huwezi kuuona kwa macho, maana bahari haiongezeki kwa kopo moja. Huku bahari yetu ilikuwa pipa, na bado hatukuona, kwa sababu huyu anachota, yule anamimina, siku nzima.

"Kuanzia sasa," nikatangaza, "mtu asitie maji pipani. Wenye vidumu warudi navyo."

Shemeji akaweka kopo chini.

"Rudia."

"Warudi navyo. Nataka kuona—"

"Mtu ameyabeba kutoka kisimani, jua hili, kwa ajili ya kaka yako, mimi nimwambie arudi nayo? Siwezi. Afadhali injini iende kwa huyo wa chuma chakavu."

Nilimwambia ana kichwa kigumu kuliko zege. Akaniambia ukoo wetu wote hauna adabu. Tukanuniana, foleni ikitutazama. Kisha aliingia ndani, akatoka anaburuta lile sufuria kubwa la pilau ya hitima, akaliweka kando ya pipa.

"Mimineni humu," akawaambia. Na kwangu: "Umeridhika?"

Nilipunguza maji ya pipa, nikachora mstari wa mkaa ndani yake. Tangi tukaliongezea maji ya dumu la nyumbani, hakuna kuchota pipani. Mashine ikasaga mpaka adhana ya adhuhuri. Tukazima, tukachungulia pamoja. Mstari wa mkaa ulikuwa umezama. Hakuna mkono uliokuwa umetia tone mle.

Kwa hiyo kibomba kimetoboka ndani ya kipoza, na maji ya ndani yanatorokea pipani. Nilitaka kuruka kwa furaha. Lakini shemeji alikuwa bado ameliinamia pipa.

"Kumbe siyo watu," akasema polepole. "Siku zote nalitazama pipa hili nasema hawajamsahau. Kumbe injini inajikojolea."

Injini haikojoi, lakini hilo nalo sikulisahihisha. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

"Shemeji, sikiliza. Yaliyovuja kuingia pipani, wewe mwenyewe ulikuwa unayachota na kuyarudisha tangini. Hayakuongeza kitu. Yaliyokuwa yanamwagika ni ya watu." Nikamwonesha kwa kidole. "Hebu tazama sufuria lako."

Sufuria la pilau lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Kando yake kulikuwa na vidumu vimepangwa, vimejaa, wenyewe wamekosa pa kumimina. Akavitazama. Akakaa juu ya gunia la mtu, akajifunika uso kwa kanga, akalia, na mimi nikalia bila kujificha. Nilimkumbuka kaka yangu na ile boti yake.

Nilikifungua kipoza, nikakizamisha ndani ya maji, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli kibomba kimoja kimoja. Kimoja kikatoa mapovu. Nikakiziba ncha zote mbili kwa shaba, nikafunga. Vilivyobaki vinatosha kupoza.

Ijumaa mnunuzi akaja na lori na minyororo. Injini ilikuwa inanguruma, unga umetanda hewani. Akapiga kelele kwamba amefuata mzigo wake, kwamba walishakubaliana. Shemeji alikuwa ameshikilia mdomo wa gunia, hakugeuka.

"Umekuja na maji?"

"Maji gani, mama?"

"Hapa mtu haji mikono mitupu."

Foleni yote ikamgeukia. Jamaa akatazama vidumu, akatazama pipa, akajikuna kichwa. Akarudi kwenye lori, akaja na chupa yake ya maji ya kunywa, nusu ameshakunywa, akaimimina pipani mpaka tone la mwisho.

"Ahsante, baba," shemeji akamwambia. "Injini haiuzwi."