Jumanne za Keumbu

Mama yangu alikuwa na presha, na mwenzake wa ng'ambo ya mto alikuwa na sukari. Walijuana kwenye kituo cha kupimia majani chai, na kwa miaka mingi kila Jumanne ya mwisho wa mwezi walikwenda kliniki Keumbu pamoja, kwa miguu. Yule mwenzake aliingia jikoni kwetu bila hodi, akaonja mboga, na akikuta chumvi imezidi alimwaga. Mama naye alimpokonya kikombe akimwona anatia sukari. Walisutana na kucheka. Sisi watoto tungethubutu hayo, tungeitwa wajeuri.

Kisha dada yangu akaolewa na kijana wa mama yule. Tulicheza hadi vumbi likatimka, nami nilishangilia kupita wote.

Kumbe tulikuwa tumewatenganisha. Kwetu Wagusii wakwe wa rika lao huheshimiana kwa kukaa mbali: hamkai benchi moja kuzungumzia mkojo na mishipa, jikoni kwa mkwe huingii, na chumbani hata kuchungulia ni aibu. Mama akaanza kwenda kliniki peke yake, tena siku nyingine ili wasikutane. Halafu goti likauma, halafu mvua, halafu chai ikawa tayari kuchumwa. Mimi nauza mitumba Daraja Mbili, si mbali na nyumbani, lakini nilimuuliza kwa simu tu kama amemeza dawa. Alisema ndiyo, nikaridhika. Najichukia kwa kuridhika kule.

Alianguka katikati ya mistari ya chai. Upande mmoja ukapooza, na maneno yakapotea. Dirishani nilikuta pakiti yake ya mwisho ya dawa, tupu, imeshika vumbi.

Yule mwenzake, sasa mkwe, alikuja na ndizi na unga, kama desturi inavyotaka. Tulimketisha sebuleni na kumpa chai ya sukari tele, maana mkwe hapewi chai isiyo na sukari, naye akainywa yote kwa heshima. Muda wote alilitazama pazia la chumba alicholala Mama. Mwishowe akapaza sauti, na hakusema mkwe.

"Mwenzangu, leo ni Jumanne. Vaa viatu twende."

Nilisikia kitanda kikilia. Nilipoingia, Mama alikuwa ameteremsha ule mkono mzima, anapapasa sakafuni, anatafuta viatu.