Diski Isiyonguruma

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikikoroma kwa miaka. Nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua pale Kibiti, na wateja walishazoea kupaza sauti ili niwasikie. Barua sikuzililia, barua huchapwa upya. Niliyeogopa kumpoteza ni baba. Sauti yake ilikuwa humo ndani, niliyoirekodi kwa simu siku tulipomleta mama hospitali kwa boti kutoka Mbwera, muda mfupi kabla baba hajafariki. Simu yenyewe ilishadondokea majini. Nikijaribu kuihamishia sauti hiyo kwenye flashi, kompyuta inaganda. Na mama kila akija mjini alikaa kwenye benchi langu na kusema, "Haya, niwekee mzee."

Nikanunua diski mpya Kariakoo, zile za SSD, bapa na nyepesi kama sabuni iliyokaribia kuisha. Kaka yangu, fundi wa mashine za boti, alimleta mama siku hiyo na hakukubali kukaa pembeni. Kusema kweli nilimhitaji. Boksi la kompyuta yangu ya kizamani halikuwa na pa kushikiza kitu kidogo vile, naye akatoa uzi wa nyavu mfukoni akaifunga kwa fundo la wavuvi. Nikachomeka nyaya, nikaanza kunakili vitu vyote kutoka diski ya zamani kwenda mpya, nikatoka kumtafutia mama chai.

Sasa, mafundi wa boti kwetu hupima mashine kwa sikio. Ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, halafu hukumu. Niliporudi nilikuta kioo cheusi.

"Nimezima," kaka akasema, bisibisi mkononi. "Ile ya zamani inahangaika, hii mpya kimya. Imekufa, dada. Wamekuuzia maiti."

"Ndivyo ilivyoundwa! Haingurumi!" Nilimfokea mbele ya mama, na sijutii.

Nikawasha. Diski ya zamani ikagonga kok, kok, ikanyamaza. Nilitaka kulia. Kaka akainama kama aliyezamisha boti ya watu.

"Iacheni ipoe," mama akasema. "Mashine ya baba yenu nayo ilikuwa hivyohivyo. Ukiilazimisha, inanuna."

Tukanywa chai bila kutazamana. Nilipowasha tena, ikakoroma, na sijawahi kuupenda mkoromo namna ile. Safari hii nilikaa mlangoni mwa boksi, kaka nikamweka mbali, mpaka kunakili kukaisha. Nikaichomoa ya zamani, nikawasha kwa ile mpya peke yake. Kibanda kikawa kimya, nikaifungua sauti.

Kwanza mngurumo wa boti. Kisha baba, akimwambia kaka aliyeshika usukani: "Zima mashine, mama yenu hanisikii." Miaka yote tulidhani maneno yake yanaishia hapo, kwa kuwa kilichofuata kilimezwa na mkoromo. Leo tulisikia maji yakigonga ubavu wa boti, halafu baba tena, taratibu: "Umechoka? Egemea hapa."

Kaka akairudisha bisibisi mfukoni. Mama alikuwa amelaza kichwa upande, kidogo tu.

"Niliegemea," akasema. "Hebu irudie."