Mawe Manne ya Kijani Niliyoyatia Kwenye Mfuko wa Serikali

Ndugu wasomaji, mimi ni mjinga mwenye cheti cha darasa la saba. Naanza hivyo ili msihangaike kunitafutia jina la heshima. Nilihamisha kijiji kizima kwa mawe manne, na mpaka leo hakuna anayejua kuwa ni mimi!

Kwetu ni pale ukishapita Kiabakari, unaelekea Butiama. Karibu na hapo kuna mgodi wa zamani. Wazungu walichimba, wakafunga, wakatuachia mashimo na rundo la mawe. Mwaka ule wa kuhamia vijijini, serikali ikaleta wataalamu wauchunguze upya, pamoja na vilima vya jirani, kama kuna shaba na fedha. Mkubwa wao tulimwita Bwana Madini. Mimi nikaajiriwa kuokota mawe na kubeba vifuko vyake. Kila kilima kilikuwa na kifuko chake chenye namba.

Nikapewa na kofia ngumu! Mama yangu wee, nani angenisalimia tena bila miadi? Siku ya mkutano wa kupanga kijiji kipya kikae wapi, mimi nilikuwa Bunda, napigwa picha studio, kofia kichwani, mkono kiunoni. Picha ninayo. Nikiiangalia natamani kumpiga kofi yule kijana.

Niliporudi nikakuta vigingi vyenye chokaa vimeizunguka nyumba yetu. Nikajua basi, tunahamishwa. Nyuma ya nyumba baba alikuwa amechuchumaa kwenye kaburi la mama, anamwaga uji wa ulezi na kusema naye taratibu. Kwetu jambo kubwa haliendi bila marehemu kuambiwa. Nikaona anamuaga.

Iliniuma sana. Baba alikuwa na ombi moja tu duniani, azikwe pale pale, ubavuni mwa mama. Ningemuuliza tu, "Baba, mkutano umesemaje?" Lakini mwenye kofia anauliza maswali? Mwenye kofia anatenda!

Nikaenda kwenye rundo la mgodi, nikachagua mawe manne yenye madoa ya kijani, yale yanayoashiria shaba. Nikayatia kwenye kifuko cha kilima chetu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: serikali ikijua tumekalia shaba, itatuacha tukae tuilinde. Msiniulize nani alinifundisha hesabu hiyo.

Bwana Madini alifungua kifuko, akashika jiwe, akalilamba.

"Ndugu, hili umelitoa wapi?"

"Nyuma ya zizi letu, ndugu."

"Una hakika?"

"Nimezaliwa pale, ndugu."

Kuzaliwa pale nilizaliwa kweli. Jasho lilinitoka mpaka kofia ikateleza.

Haikupita wiki, balozi wetu wa nyumba kumi akaja anahema, akaanza kung'oa vigingi.

"Mzee, funga mizigo. Wanakuja kutoboa miamba hapa, wamezuia watu kujenga. Kijiji sasa kinaenda ng'ambo ya mto."

Baba akashangaa. "Sasa si tulikubaliana kijiji kinakuja hapa kwangu? Mimi sihami, wenzangu ndio wanakuja. Hata mama yao nimeshamwambia tunapata majirani!"

Jamani! Vigingi vile vilikuwa vya nyumba za majirani. Baba hakuwa anamuaga mama, alikuwa anampelekea habari njema. Nilifungua mdomo niseme palepale. Nikaiwaza jela, nikaufunga.

Tukahama, na ng'ombe, na kuku, na milango tumeibeba kichwani. Mashine ikaja ikatoboa zizi letu majuma mawili. Ikatoa vipande virefu vya mwamba wa kijivu, vikapangwa kwenye masanduku kama miwa ya sokoni. Shaba ya kutengeneza hata bangili moja haikuwepo. Wakafunga mitambo wakaondoka, na kofia yao wakaichukua. Sisi tukaambiwa hakuna kurudi, kijiji kipya kimeshaandikishwa na shule imeanza kujengwa.

Sasa baba anatembea asubuhi nzima kwenda kumsalimia mama, goti limevimba. Mfukoni ana jiwe moja la kijani, Bwana Madini alimwachia. Kila mgeni anaonyeshwa.

"Hii ndiyo ilitutoaga kwetu. Watarudi hao. Wakirudi nitawaomba waniachie kasehemu kadogo ka kulalia. Na huyu kijana wangu ndiye aliionaga wa kwanza!"

Ananisifu! Heri angenichapa.

Kwa kuwa alikuwa hajui kusoma, mimi ndiye nilimwandikia barua kwa watu wa madini Musoma, kuwakumbusha warudi. Nimeandika tatu. Zote ziko chini ya godoro langu, na kila Jumatatu ananiuliza kama wamejibu.

Vijana wenzangu, kuuliza si ujinga. Ukiona kigingi, uliza ni cha nani. Ukimkuta baba yako anaongea na marehemu, ngoja amalize, umuulize amemwambia nini. Na ukipewa kofia, kumbuka chini yake ni kichwa kilekile cha jana.

Jina langu siweki. Nilidhani hiyo itanisaidia, lakini baba ameingia kisomo cha watu wazima. Gazeti likifika duka la ushirika yeye ndiye wa kwanza kulishika. Anasoma neno moja moja, kwa kidole, na haruki hata nukta.

Baba, kama kidole chako kimefika hapa, hilo jiwe litupe. Nililiokota mimi mgodini. Hawarudi. Jioni nakuja nyumbani, na fimbo najua iko nyuma ya mlango. Ukimaliza kunichapa, twende wote kwa balozi nikaseme kwa mdomo wangu, ili siku yako ikifika, Mungu aiweke mbali, wanikubalie nikurudishe kwa mama.