Unga Niliouficha Laela

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya mguu wa mkwe wangu. Deo, mume wa binti yangu Imelda, alianguka na bodaboda huko kwao Laela, mguu ukavunjika, na shamba likabaki nyasi tupu wakati mvua zinaelekea kuisha. Sisi Wafipa tunajua maana yake. Nyasi hufukiwa zikiwa mbichi, udongo unapandishwa juu yake viwe vilima vya duara, ndivyo tunaviita intumba. Juu yake unapanda maharage. Mwakani nyasi zikishaoza unasambaza udongo ule, unapata ulezi. Ukichelewa ardhi ikakauka, umekosa vyote viwili. Na mimi pale nina wajukuu watano, wazuri, wenye akili, hawafanani na watoto wa watu.

Alhamisi alfajiri, Mwimbi. Nilipanda basi na debe zima la unga wa ulezi, nimelishona ndani ya kiroba kwa mkono wangu. Niseme ukweli, ghala langu halijawahi kuonekana sakafu. Padre akisoma habari za ndege wasiopanda wala kuvuna, mimi nasema moyoni: ndege hao hao ndio wanaonilia ulezi. Kondakta akataka kukipandisha kiroba kwenye keria. Nikamwambia, "Kikipanda huko, na mimi napanda huko." Akaniacha nikipakate.

Saa tano, Sumbawanga mjini. Gari la Laela nililisubiri dukani kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu anayenunua maharage yangu kila msimu.

"Shikamoo bibi. Mbona umeukumbatia mzigo hivyo, utauvunja mbavu!"

"Marahaba. Chakula cha wajukuu hiki."

"Riziki anatoa Mungu, bibi."

"Anatoa, lakini habebi. Nabeba mimi."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. Nami nikajiona nimesema neno kubwa.

Alasiri, Laela. Imelda alinipokea kwa kupiga magoti, kama nilivyomlea. Deo alikuwa kwenye mkeka, mguu mzima uko kwenye hogo la plasta, akanisalimia huku anaangalia ukuta, kama mkwe mwenye adabu. Sijanywa hata maji, binti yangu akaona kiroba.

"Mama, Mungu amekuleta! Jumamosi wanajumuiya wenzetu wa kanisani wanakuja kutupandishia intumba. Kimea ninacho, unga wa kupikia togwa yao ndio sikuwa nao."

"Unataka kupika wote?"

"Wote, Mama. Watu ishirini huwezi kuwalimisha makoo makavu."

"Na Jumapili watoto watakula nini?"

"Jumapili itakuja na Mungu wake."

"Jumapili huja na njaa yake, mwanangu. Naijua kabla hujazaliwa."

Ijumaa asubuhi. Imelda alipokwenda bombani kuteka maji, nilipima nusu ya unga, nikaufunga kwenye kitenge changu, nikausukuma chini ya kitanda cha watoto. Nusu iliyobaki niliipika togwa mwenyewe, asije akaona upungufu. Nilijiambia ni kwa ajili ya wajukuu. Na ilikuwa kweli. Hofu ya bibi siku zote ina sura ya mjukuu.

Jumamosi. Walifika saa moja wakiimba, majembe begani. Saa nne wakapumzika. Mama Kristina, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mnene mwenye mdomo, alichota togwa, akanywa, akachungulia ndani ya kata.

"Imelda, togwa hii ina ulezi, au ulezi ulipita tu njiani ukaisalimia?"

Watu wakacheka. Imelda akainamisha kichwa. "Nisameheni ndugu zangu. Unga wote niliokuwa nao umo humo."

Aliamini anachosema. Hilo liliniuma kuliko kicheko chao. Deo akasema pale mlangoni, "Aliyechoka aende tu, mmetusaidia vya kutosha." Na nusu ya shamba ilikuwa bado.

Mama Kristina akatemea mate viganjani, akashika jembe. "Tulikuja kwa mguu wako, Deo. Hatukuja kwa togwa yako." Hakuondoka hata mmoja.

Nikainuka. Nilikwenda chini ya kile kitanda, nikarudi na kitenge, nikakifungua mbele yao.

"Imelda hana kosa. Nimeficha mimi."

Mama Kristina akaniangalia juu mpaka chini. "Bibi, umetoka Mwimbi yote ile kuja kutunyima?"

"Ndiyo. Niliogopa."

"Hata sisi tunaogopa, bibi. Injika sufuria, tunywe uji."

Niliupika mzito, kijiko kinasimama. Saa tisa shamba lote lilikuwa intumba mpaka mpakani. Imelda hakunigombeza. Uji uliobaki alinipakulia mimi kwanza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili. Baada ya misa tulikula majani ya maboga na ugali wa sahani moja ya unga aliyoileta jirani bila kuombwa. Matumbo hayakujaa. Lakini watoto watano walikula, nami niliwahesabu mmoja mmoja.

Jumatatu, njia ya kurudi. Dirishani niliona intumba za watu shamba hadi shamba, karibu mpaka Sumbawanga. Nikawaza: miaka yote hii nafukia nyasi, sijawahi hata siku moja kufukua nikaangalia kama zinaoza. Nafukia, naondoka, naenda kulala. Ila watoto wangu niliomkabidhi Mungu, hao nawafukua kila siku.

Sijawa mtakatifu. Ghala langu bado lina kufuli. Juzi Imelda alipiga simu, maharage yameota kwenye intumba zote. Nikafungua mdomo kumwuliza, leo mnakula nini? Nikaufunga.

Nikamwuliza, "Mguu wa mkwe unaendeleaje?"