Mwezi Uliolala Chali

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio moja ya picha huko Temeke, nilikabidhiwa ufagio. Kamera niliishika baada ya miezi minane, tena kwa kuifuta vumbi. Nawaambia nyie mnaopiga picha mia kabla ya chai ya asubuhi, mjue kwa nini sina subira nanyi.

Kutoka ufagio nilihamishiwa chumba cha giza, kusafisha filamu. Kutoka hapo nikapelekwa picha za pasipoti, kuwaambia watu wazima wainue kidevu. Ndipo Meneja akanituma nimpigie mwezi mwandamo kwa ajili ya kadi za Idi. Nilifurahi, na si kwa sababu ya kadi. Baba yangu, aliyekuwa akiutafuta mwezi kila mwaka nje ya nyumba yetu Kiwalani, macho yake yalikuwa yanafifia. Nilitaka auone tena kwenye karatasi kubwa kabla hayajazima kabisa.

Mwezi mwandamo haumsubiri mtu. Jua likishazama unaonekana dakika chache magharibi, kisha huyoo, umekwenda zake. Mara ya kwanza nilifanya kosa la kila anayeanza: nikaona giza linaingia, basi nikaiacha shata, kile kijilango cha kupitishia mwanga, wazi muda mrefu. Kikatoka kitu kama ndizi iliyovimba. Mkuu wa chumba cha giza alisonya.

"Dada, mwezi unapigwa na jua kama wewe, tena unatembea. Fungua, funga!"

Nikasubiri mwezi mzima. Mara ya pili, mawingu! Nililia kwa hasira. Mara ya tatu niliiweka kamera kwenye stendi, nikafungua na kufunga upesi, nikaupata: mwembamba, safi, umelala chali, pembe juu, kama unavyolala hapa kwetu.

Meneja aliitazama picha. "Mbona umelala?"

"Ndivyo ulivyo, bosi."

"Mie kadi zote za nje nimeona unasimama. Usimamishe."

"Toka nje jioni uutazame, bosi."

"Wateja hawanunui mwezi uliolala. Geuza, uweke na mnara wa msikiti chini yake!"

Nikageuza. Niliogopa kurudishwa kwenye ufagio. Karatasi kubwa niliyoruhusiwa ilikuwa moja tu, nayo ikachapwa hivyohivyo, mnara na mwezi uliosimama. Baba aliisogeza hadi puani.

"Huu umeandama wapi?"

"Hapahapa Kiwalani, Baba."

"Mwanangu, Kiwalani haujasimama hivi hata siku moja." Akanirudishia. Idi iliyofuata hakuona tena kitu.

Sasa nimestaafu, naishi Kinyerezi. Juzi jioni niliupiga kwa kamera ya kisasa, umelala vizuri kabisa, nikautuma kwenye grupu la mtaa. Jirani yangu, mwalimu wa jiografia jamani, akajibu palepale: "Shikamoo Bibi. Hongera, ila picha umeigeuza. Nimekurekebishia." Akaurudisha umesimama!

Nilimgongea mlango, nikamshika mkono, nikamtoa nje na kandambili zake. Mwezi ulikuwa bado haujazama.

"Khaa! Bibi, kumbe umelala kweli."

Hatua nne tu kutoka mlangoni. Meneja naye nilipaswa kumvuta mkono namna hiyo, Baba akiwa bado anaona.